Reli za Vipimo Vitatu na Hazina Moja: Mageuzi ya Uchumi katika Shirikisho la Australia

Katika mwaka 1883 njia ya reli iliyotoka Sydney ilifika kukutana na njia ya reli iliyotoka Melbourne. Zilikutana katika mji wa Albury, kando ya Mto Murray, ambao ni mpaka baina ya New South Wales na Victoria. Karamu kubwa ilifanywa, na wakuu wa makoloni mawili walipeana mikono. Lakini reli hizo zilikutana bila ya kuungana. Reli ya New South Wales ilikuwa na upana wa futi 4 na inchi 8 na nusu. Reli ya Victoria ilikuwa na upana wa futi 5 na inchi 3. Gari la moshi la upande mmoja halikuweza kwenda hata hatua moja katika njia ya upande wa pili. Kwa hiyo kila abiria alishuka, na kila gunia na sanduku lilishushwa na kupakiwa upya. Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, aliyepita huko mwaka 1895, aliliona jambo hilo kuwa kichekesho, akaliandika kitabuni. Kwa wenyeji lilikuwa gharama, na gharama hiyo iliendelea kulipwa mpaka mwaka 1962.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa sana taabu ya namna hii. Huko Kidatu, mahali ambapo reli yenye upana wa mita moja ilikutana na reli ya Tazara yenye upana wa milimita 1,067, palilazimu kujengwa kituo cha kuhamishia mizigo kutoka behewa hadi behewa. Tofauti ni kwamba reli za Tanzania zilijengwa na watu mbalimbali katika nyakati mbalimbali, hali reli za Sydney na Melbourne zilianza kufikiriwa katika miaka ileile, chini ya mfalme mmoja, na washauri wa London walikwisha kupendekeza kipimo kimoja kwa wote.

Kosa lilitokea hivi. Mhandisi wa kwanza wa kampuni ya reli ya Sydney, Francis Webb Shields, alikuwa mtu wa Ireland, akashawishi wakubwa wake wachague futi 5 na inchi 3, kipimo cha nchi ya kwao. Victoria na South Australia zilikubali, na Victoria iliagiza vifaa vyake Ulaya. Kisha Shields akaacha kazi. Mrithi wake, James Wallace, akashauri kwamba kipimo cha Uingereza, yaani futi 4 na inchi 8 na nusu, kilikuwa bora, na New South Wales ikageuka. Victoria haikutaka kugeuka, kwa kuwa fedha yake ilikwisha kutumika. Queensland, iliyokuwa na fedha kidogo na milima mingi, ilianza mwaka 1865 na kipimo cha tatu, futi 3 na inchi 6. Western Australia na Tasmania zikaja kulifuata shauri hilo. Hivyo bara moja lenye watu wachache likawa na reli za vipimo vitatu.

Yafaa kulitazama jambo hili vizuri, maana ndani yake mna fumbo la mageuzi yote ya uchumi katika dola la shirikisho. Tangu siku ya Albury hapakuwa na mtu wa maana aliyesema kwamba hali ile ni njema. Fundi alijua hasara yake, mfanyabiashara alijua, na waziri alijua. Maarifa yalikuwapo, wala ripoti hazikukosekana. Aliyekosekana ni mtu wa kulipa. Kama Victoria ingalivunja reli zake na kuzijenga upya, gharama yote ingaliangukia hazina ya Victoria, na faida ingaligawanyika kwa watu wa kila koloni. Tena palikuwa na walioogopa faida yenyewe. Wilaya ya Riverina imo ndani ya New South Wales, lakini iko karibu zaidi na Melbourne kuliko Sydney. Bandari hizo mbili zilishindania sufu ya wilaya hiyo kwa miaka mingi, na kila serikali ilipanga nauli za reli zake ili kuuvutia mzigo upande wake. Reli iliyokatika mpakani ilikuwa hasara kwa bara zima, lakini kwa watu wengine ilikuwa ukuta wa kuwakinga.

Makoloni sita yaliungana kuwa shirikisho tarehe 1 Januari, 1901. Katiba yao, katika kifungu cha 92, iliamuru kwamba biashara baina ya majimbo iwe huru kabisa. Nyumba za forodha zilizokuwa zikitoza ushuru kando ya Mto Murray zikafungwa. Hilo ndilo lilikuwa tendo kubwa la kwanza la mageuzi ya uchumi katika Australia, na lilikuwa gumu, kwa sababu Victoria ilikuwa imezoea kuvilinda viwanda vyake kwa ushuru mkubwa, na New South Wales ilikuwa imezoea biashara huria.

Lakini ushuru wa forodha ndio uliokuwa chakula kikuu cha hazina za makoloni. Ulipohamia mikononi mwa Serikali ya Shirikisho, majimbo yalibaki na shule, hospitali, polisi na reli, na mfuko uliopungua. Edward Braddon wa Tasmania alipendekeza dawa: kwa miaka 10 ya kwanza robo tatu ya ushuru wa forodha na wa bidhaa irudishwe kwa majimbo. Dawa hiyo iliwekwa katika kifungu cha 87. Miaka 10 ilipokwisha, mahali pake pakawekwa malipo ya shilingi 25 kwa mwaka kwa kila kichwa cha mtu. Alfred Deakin, mmoja wa waasisi wa shirikisho na baadaye Waziri Mkuu wake, aliona mapema mambo yatakavyokwenda. Mwaka 1902 aliandika katika gazeti la London, bila ya kutaja jina lake, akatabiri kwamba majimbo yatakuwa huru mbele ya sheria lakini fedha itayafunga nyuma ya Serikali ya Shirikisho. Utabiri huo haukuchukua muda mrefu kutimia.

Mashaka ya uchumi ya mwaka 1929 na miaka iliyofuata yaliutia muungano katika mtihani. Kwa mapatano ya mwaka 1927, yaliyothibitishwa na kura ya wananchi mwaka 1928, mikopo ya serikali zote ilikuwa imewekwa chini ya baraza moja la mikopo, na Serikali ya Shirikisho ilichukua dhamana ya madeni ya majimbo. Jack Lang, Waziri Mkuu wa New South Wales, alisema kwamba haifai kuwalipa riba matajiri wa London hali watu wa Sydney hawana kazi wala chakula, akakataa kulipa. Serikali ya Shirikisho ililipa badala yake, kisha ikatunga sheria ya kukamata mapato ya jimbo hilo. Lang akawaamuru watumishi wake wasizitoe fedha. Tarehe 13 Mei, 1932, Gavana Philip Game alimwondoa katika madaraka. Sheria ilishinda, lakini jeraha lilibaki.

Jeraha jingine lilikuwa upande wa magharibi. Western Australia iliishi kwa ngano, sufu na dhahabu, vitu ambavyo viliuzwa ng'ambo kwa bei ya dunia. Majembe na mashine zake ilizinunua kutoka viwanda vya Melbourne na Sydney, ambavyo Serikali ya Shirikisho ilivilinda kwa ushuru mkubwa. Mkulima wa huko aliuza kwa bei asiyoipanga na kununua kwa bei iliyopandishwa na serikali yake mwenyewe. Tarehe 8 Aprili, 1933, wananchi wa jimbo hilo waliulizwa kama wanataka kujitenga, na kiasi cha theluthi mbili walijibu kwamba wanataka. Ombi lao lilipelekwa London, na mwaka 1935 kamati ya Bunge la Uingereza ilikataa kulipokea, kwa hoja kwamba shauri kama hilo haliwezi kusikilizwa bila ya ridhaa ya Australia nzima.

Jibu lililofaa halikutoka London. Katika mwaka uleule wa 1933 Serikali ya Shirikisho iliunda Tume ya Ruzuku, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa mwanasheria Frederic Eggleston. Kazi ya tume hiyo ilikuwa kupima, kwa hesabu na wala si kwa kelele, ni kiasi gani cha fedha kinachohitajiwa ili jimbo lenye udhaifu liweze kuwapa watu wake huduma zisizopitwa mno na za majimbo mengine. Kabla yake, ruzuku ilikuwa tunu ya mwenye sauti kubwa. Baada yake, ruzuku ilikuwa na kanuni, na aliyenyimwa aliweza kuiona hesabu iliyomnyima. Fikira za kujitenga zilififia pole pole. Jimbo lililodhurika na siasa ya ushuru lilikuwa limepata, walau kwa sehemu, fidia iliyotoka katika faida ya siasa hiyohiyo.

Njia ya pili ya kuleta mageuzi ni nguvu, na nguvu ilitumika mwaka 1942. Vita vilikuwa vimefika mlangoni, na Serikali ya John Curtin ilihitaji fedha nyingi. Mpaka wakati huo kodi ya mapato ilitozwa na majimbo na pia na Serikali ya Shirikisho, kila mmoja kwa kiwango chake, na raia wa jimbo moja alilipa zaidi ya raia wa jimbo la pili mwenye mapato sawa naye. Bunge la Shirikisho lilipitisha sheria nne. Kiwango cha kodi ya Shirikisho kilipandishwa juu sana hata pasibaki nafasi ya kodi nyingine, na jimbo lililokubali kuacha kutoza liliahidiwa ruzuku. Majimbo manne, yaani South Australia, Victoria, Queensland na Western Australia, yalishitaki, yakashindwa mbele ya Mahakama Kuu ya Australia. Mpango huo ulisemwa kuwa wa wakati wa vita. Mwaka 1946 ilitangazwa kwamba utaendelea. Kesi ya pili, mwaka 1957, haikuubomoa.

Haifai kuudharau mpango huo. Hesabu za kodi zikawa nyepesi, na usawa baina ya raia ukazidi. Lakini madhara yake yalikuwa makubwa pia. Tangu siku hiyo Waziri Mkuu wa jimbo aliweza kutumia fedha bila ya kubeba lawama ya kuitoza, na Waziri wa Fedha wa Shirikisho aliweza kutoza bila ya kujua vema shida za shule na hospitali. Mikutano ya kila mwaka ya wakuu wa serikali ikawa mnada wa malalamiko. Mageuzi yaliyoletwa kwa nguvu yalidumu, lakini hayakuzaa mageuzi mengine, kwa kuwa aliyelazimishwa mara moja hukaa na shaka mara ya pili.

Njia ya tatu ilidhihirika katika shauri lile la reli. Tume ya mwaka 1921 ilikwisha kushauri kwamba futi 4 na inchi 8 na nusu ziwe kipimo cha taifa. Vita vya pili vya dunia viliongeza ushahidi, maana askari, chakula na silaha vilikwama katika vituo vya kuhamishia, na mwaka 1945 Harold Clapp alitoa ripoti iliyotaka kazi kubwa ifanywe. Ukubwa wa gharama uliogopesha, na shauri likalala. Mwaka 1956 kamati ya wabunge iliyoongozwa na William Wentworth ilitoa shauri dogo zaidi: mabadiliko yaanze na njia kuu chache zinazounganisha miji mikuu, na njia za ndani ziachwe kama zilivyo. Pamoja na hayo ulipatikana mlipaji. Kwa mapatano na sheria ya mwaka 1958 Serikali ya Shirikisho ilichukua sehemu saba katika kumi ya gharama ya njia mpya ya Albury hadi Melbourne, na sehemu tatu zilizobaki ziligawanywa sawa baina ya New South Wales na Victoria, zilipwe pole pole kwa miaka mingi. Njia hiyo ilifunguliwa mwaka 1962. Sydney na Perth ziliunganishwa kwa kipimo hichohicho mwaka 1970, na Melbourne na Adelaide mwaka 1995. Jambo lililoshindikana kwa karibu miaka 80 lilifanyika katika miaka michache mara ilipoamuliwa kwamba anayefaidika ndiye achangie.

Somo hilo lilisubiri miaka 30 kabla ya kutumika katika mambo makubwa zaidi. Katika miaka ya 1980 Australia iliufungua uchumi wake kwa dunia. Thamani ya dola yake iliachwa ipangwe na soko mwaka 1983, na ushuru wa forodha ulipunguzwa. Viwanda vililazimika kushindana na viwanda vya Asia na Marekani, lakini gharama zake nyingi zilikuwa mikononi mwa majimbo: umeme, gesi, maji, bandari, reli. Kila jimbo lilikuwa na shirika lake la umeme, lenye ukiritimba. Sheria ya ushindani ya mwaka 1974 haikuyafikia mashirika ya serikali za majimbo. Muuguzi au fundi wa umeme aliyesajiliwa katika jimbo moja hakuweza kufanya kazi katika jimbo la pili pasipo kusajiliwa upya, kana kwamba maradhi na nyaya hubadilika mpakani.

Waziri Mkuu Bob Hawke wa chama cha Labor aliwaita wakuu wa majimbo katika mkutano maalumu mwaka 1990. Nick Greiner wa New South Wales, aliyekuwa wa chama kilichompinga, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono kwa bidii. Matunda ya kwanza yalikuwa mapatano ya mwaka 1992, kwamba bidhaa iliyoruhusiwa kuuzwa katika jimbo moja iruhusiwe katika yote, na mtu aliyesajiliwa kwa kazi katika jimbo moja atambuliwe katika yote. Haikuhitajika kuandika kanuni moja ya taifa kwa kila kitu. Ilitosha kila jimbo kuiamini kazi ya jirani yake. Katika mwaka huohuo liliundwa Baraza la Serikali za Australia, ambamo Waziri Mkuu wa Shirikisho na wakuu wa majimbo walikaa pamoja.

Kisha Serikali ya Paul Keating ilimpa kazi Profesa Fred Hilmer na wenzake wawili kuchunguza habari ya ushindani katika nchi nzima. Ripoti yao ilitolewa mwaka 1993, na tarehe 11 Aprili, 1995, serikali zote zilitia sahihi mapatano matatu. Mambo yake makuu yaweza kuelezwa kwa ufupi. Mashirika ya serikali yaliwekwa chini ya sheria ileile ya ushindani iliyowahusu watu binafsi. Mwenye njia kuu ya reli, waya mkuu wa umeme au bomba kuu la gesi alilazimika kuwaruhusu wengine wavitumie kwa malipo ya haki. Na kila serikali ilikubali kuzichunguza sheria zake zote zinazozuia ushindani, idadi yake ikiwa kiasi cha 1,800, kwa kanuni moja: sheria inayozuia ifutwe, isipokuwa imethibitika kwamba faida yake kwa umma hushinda hasara yake, na kwamba hapana njia nyingine ya kuipata faida hiyo. Mzigo wa ushahidi ulihama. Zamani anayetaka mabadiliko ndiye aliyepaswa kuthibitisha. Sasa alipaswa anayetaka ulinzi.

Hata hivyo mapatano hayo yangalibaki karatasi kama yasingalikuwa na sehemu ya fedha. Hesabu ya wataalamu wa Shirikisho mwaka 1995 ilikadiria kwamba mageuzi yangeweza kuongeza pato la taifa kwa asilimia 5.5. Majimbo yalitoa hoja iliyo wazi: kazi ya kuvunja ukiritimba, kuwakasirisha wenye vyama na kupoteza mapato ya mashirika ni yetu, lakini pato la taifa likiongezeka, kodi ya mapato itaingia katika hazina yenu. Serikali ya Shirikisho iliikubali hoja hiyo. Kuanzia mwaka wa fedha 1997–98 mpaka 2005–06 ililipa majimbo zaidi ya dola bilioni 5 za Australia, kwa awamu, kila jimbo kwa kadiri lilivyotimiza ahadi. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Serikali nazo zina ulimi.

Tena palihitajika mpimaji. Kama Serikali ya Shirikisho ingalipima yenyewe, majimbo yangalisema kwamba kesi ya nyani imepewa hakimu ngedere. Basi liliundwa Baraza la Taifa la Ushindani, ambalo lilichunguza kazi ya kila serikali, pamoja na ile ya Shirikisho, na kuchapisha maoni yake hadharani. Lilipoona jimbo limekawia, lilishauri malipo yake yapunguzwe, na mara kadhaa yalipunguzwa kweli. Waziri wa jimbo aliyetaka kufanya jambo gumu akapata kinga: aliweza kuwaambia wakubwa wa chama chake kwamba kulikwepa kutawagharimu wananchi fedha inayohesabika. Mwaka 1998 soko moja la umeme lilianza kazi katika majimbo ya mashariki na kusini. Mwaka 2005 tume ya uzalishaji ya Shirikisho ilikadiria kwamba sehemu tu ya mageuzi hayo ilikwisha kuongeza pato la taifa kwa asilimia 2.5.

Pamoja na sifa hizo, kuna upande ambao haukuwa na mwakilishi mezani. Serikali zilifidiana baina yao, lakini mtu aliyepoteza riziki hakuwa serikali. Mfano wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa watosha. Kila jimbo lilikuwa limepanga bei ya maziwa ya kunywa, na bei hiyo iliwahifadhi wafugaji wadogo wa Queensland, New South Wales na Western Australia dhidi ya wenzao wa Victoria, ambao malisho yao ni mazuri na gharama zao ni ndogo. Bei hizo ziliondolewa tarehe 1 Julai, 2000. Safari hii fidia iliwafikia watu wenyewe: tozo ya senti 11 iliwekwa katika kila lita ya maziwa ya kunywa, na fedha yake ikapewa wafugaji, wengine wapate kutengeneza mashamba yao, na wengine waache kazi hiyo kwa heshima. Wengi waliacha. Ufugaji ulikuwa kwao kazi ya wazazi na makao ya watoto, na jambo hilo hakuna malipo yanayolikamilisha.

Mahali pengi hapakuwa na fidia ya namna hiyo. Katika miji midogo ya bara, benki ilifungwa, ofisi ya reli ikafungwa, na watu wakaambiwa kwamba taifa limetajirika. Mwaka 1998 chama cha Pauline Hanson kilipata viti 11 katika Bunge la Queensland. Uchunguzi rasmi wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba mengi yaliyolaumiwa katika mapatano ya ushindani yalikuwa na asili nyingine, kama vile kushuka kwa bei za mazao duniani na mashine kuchukua nafasi ya watu. Huenda ndivyo. Lakini watu wa vijijini walikuwa na sababu moja ya haki: mapatano makubwa ya nchi yalizungumzwa na watu wachache katika vyumba vya mikutano, na mabunge yaliletewa ili yapitishe. Shirikisho huwapa raia serikali mbili za kuziuliza. Serikali hizo zikisema kwa sauti moja, raia hukosa wa kumuuliza.

Shauri la fedha lilichukua sura mpya tarehe 1 Julai, 2000, Serikali ya John Howard ilipoanzisha kodi ya asilimia 10 ya bidhaa na huduma. Mapato yake yote yalipewa majimbo, nayo yakaacha kodi zao kadhaa zilizokuwa zikizuia biashara. Kugawanya fedha hiyo kulikuwa kazi ya Tume ya Ruzuku, ileile ya mwaka 1933, ambayo kwa muda sasa ilikuwa ikiyapima majimbo yote. Hapo historia ilimgeuzia kibao mlalamikaji wa kale. Western Australia ilitajirika kwa chuma kilichouzwa China, na kwa kuwa ilitajirika, kanuni iliipunguzia fungu lake, hata katika mwaka wa fedha 2015–16 ikapata kama senti 30 tu kwa kila dola ambayo ingaliipata kwa mgawo wa kichwa. Malalamiko yakawa makubwa kama ya mwaka 1933. Mwaka 2018 Bunge la Shirikisho liliweka kiwango ambacho fungu la jimbo halitashuka chini yake. Hesabu ya haki ilikuwa imeshindwa na nguvu ya uchaguzi, na majimbo mengine yakadai hakikisho kwamba hayatapoteza kitu kwa ajili hiyo.

Malipo ya ushindani yalikoma mwaka 2006. Yaliyofuata ni mwongozo mpya, mikutano mipya na mapatano mengi, lakini kasi ya miaka ya 1990 haikurejea. Baraza la Serikali za Australia lenyewe lilivunjwa mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, na mahali pake pakachukuliwa na Baraza la Mawaziri la Taifa. Yumkini ushahidi ulio bora kuliko wote ni huu: mwishoni mwa mwaka 2024, Serikali ya Shirikisho na majimbo zilipopatana kuifufua siasa ya ushindani, kitu cha kwanza kilichowekwa mezani kilikuwa mfuko wa dola milioni 900 za kuwalipa watakaotimiza ahadi.

Mwanafunzi wa siasa aweza kupata katika habari hii kanuni chache. Mageuzi katika shirikisho hukwama mahali ambapo gharama iko katika hazina moja na faida iko katika hazina nyingine, na ripoti ya mtaalamu, hata ikiwa njema namna gani, haiwezi kuihamisha fedha. Nguvu ya sheria yaweza kulifanya jambo mara moja, kama mwaka 1942, lakini hulipunguzia jimbo hamu ya kujisahihisha. Fidia inayopimwa kwa kanuni ya wazi, na mpimaji asiye wa upande wowote, huweza kuwaleta washindani katika kazi moja. Na fidia inayokomea kwa serikali, isiwafikie watu waliobeba mzigo, huacha deni ambalo wananchi watalidai kwa kura.

Iko kanuni moja zaidi, ambayo kamati ya mwaka 1956 iliiona vema. Treni za mjini Melbourne hata leo hupita juu ya reli za futi 5 na inchi 3, na sehemu kubwa ya Queensland hutumia reli za futi 3 na inchi 6. Hazimdhuru mtu, kwa kuwa safari zake huanza na kwisha ndani ya jimbo moja. Wale waliotaka bara zima liwe na kipimo kimoja, mpaka reli ya mwisho ya kijiji cha mwisho, walisubiri miaka mingi wasipate kitu. Waliotaka kipimo kimoja pale tu ambapo safari huvuka mpaka, walikipata.